Mtaro Kabla ya Sanda

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mzee, fundi mwashi, katika mkutano wa kukumbuka mwaka wa 40 wa Jumuiya yetu, Buyenzi, Bujumbura



Bwana Mwenyekiti, Masheikh wetu watukufu, wazee wangu, mama zangu, na ndugu zangu nyote mliohudhuria:

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana siku hii hali tu wazima, na kuiona Jumuiya yetu ikitimiza mwaka wake wa 40. Nawashukuru pia wakubwa wa Jumuiya kwa kunipa nafasi hii ya kusema mbele yenu. Mimi si mwanachuoni wala si msemaji. Tangu ujana wangu kazi yangu imekuwa mwiko na timazi, na nyumba si chache za mtaa huu zimepita mikononi mwangu. Kwa hiyo mtanisamehe nikisema kama fundi asemavyo, bila ya mapambo.

Juma lililopita nalimwomba Bwana Katibu anifungulie daftari kubwa la hesabu, lile lenye jalada jeusi, nipate kuona tulivyotumia mali ya Jumuiya katika miaka hii. Alinikubalia kwa moyo mwema, tukakaa pamoja tangu baada ya alasiri hata ikakaribia magharibi. Humo niliona mambo ya kutufurahisha: karo za mayatima, dawa za wagonjwa, futari za wasafiri. Niliona pia jambo moja lililonifanya nisilale usiku ule. Kila yalipotokea mafuriko, kwa muda wa siku tatu au nne tu, ilichangwa fedha nyingi kuliko zilizochangwa katika miezi mingi ya salama. Na fedha hizo zilinunua nini? Zilinunua sanda, mablanketi, unga, maharagwe, na mbao za kufunika makaburi. Kisha nikageuza kurasa kutafuta mahali palipoandikwa mtaro uliochimbwa, au ukuta uliotiwa nguvu, au mti uliopandwa kando ya mto. Sikuona hata pamoja.

Ndugu zangu, sikuleta habari hii ili nimlaumu mtu. Lau ni lawama, basi fungu langu ni kubwa, kama mtakavyosikia baadaye. Nimeileta kwa sababu leo tumekuja kukumbuka, na mwenye kukumbuka yampasa akumbuke yote. Sisi ni watu wakarimu sana baada ya msiba. Kabla ya msiba mikono yetu ni mizito. Ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote nitakayosema ni maelezo yake.

Kwanza na tuutazame mji wetu ulivyokaa. Nyuma yetu, upande wa mashariki, imesimama milima ya Mirwa, nayo inapanda juu sana. Mbele yetu ni Ziwa Tanganyika. Sisi tumebanwa katikati, katika uwanda mwembamba ulio karibu sawa na ziwa. Mvua ikinyesha milimani haina safari ndefu ya kufika kwetu. Inateremka kwa kasi katika makorongo na mito: Ntahangwa, Muha, Kanyosha na mingineyo, nayo inachukua udongo, mawe na miti. Zamani milima ile ilikuwa na miti na majani ya kuyazuia maji, hata yakanywewa na ardhi pole pole. Leo sehemu kubwa ni mashamba matupu na nyumba mpya. Bati halinywi maji, wala barabara ya lami haiyanywi. Tone ambalo zamani lingepotea ardhini leo linatufikia mlangoni.

Mnakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014. Mvua kubwa iliteremka juu ya sehemu za kaskazini ya mji, na korongo la Gatunguranwa likafurika. Wenzetu wa Kamenge na Kinama walikuwa wamelala. Maji yaliingia pamoja na matope na mawe makubwa, na hata kulipokucha watu zaidi ya 60 walikuwa wamekufa, na nyumba zaidi ya 1,000 zimebomoka. Wengi katika ninyi mlikwenda kuzika. Hata mimi nilikwenda. Na yale niliyoyaona yakiwa yamelala chini, mengi yalikuwa ni matofali mabichi yasiyochomwa, yaliyorejea kuwa udongo kwa saa moja tu.

Kisha likaja jambo la ziwa. Wazee waliopo hapa wanakumbuka, au walisikia kwa baba zao, jinsi maji ya ziwa yalivyopanda katika mwaka wa 1964 hata yakaingia mjini. Baadaye ziwa likarudi nyuma, na kwa miaka mingi likakaa mbali. Nasi tukadhani kwamba limetupa ardhi. Tukajenga. Lakini Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Maji yake mengine yote hayana pa kwenda ila kupanda angani kwa joto la jua. Kwa hiyo ikija miaka ya mvua nyingi mfululizo, ziwa lapanda, nalo halishuki kwa siku moja. Katika mwaka wa 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake, na maelfu ya watu wa Gatumba wakahama makwao. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo wenzetu wa Uvira, ng'ambo ya pili ya ziwa, walipotewa na makumi ya watu kwa mafuriko. Katika mwaka wa 2024 ziwa likafika kimo cha mita 777 hivi juu ya usawa wa bahari, kimo kisichoonekana tangu ule mwaka wa 1964. Na tangu Septemba 2023 hata Aprili 2024, watu zaidi ya 200,000 katika nchi yetu walipatwa na madhara ya mvua na mafuriko.

Sheria ya maji ya nchi yetu inakataza kujenga katika mita 150 za kandokando ya ziwa. Ziwa nalo linayo sheria yake, na halikuhitaji kuiandika. Lililipita mwaka wa 1964, likapaacha mahali pake, na baada ya miaka 60 limekuja kupatazama tena.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la kwetu peke yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 katika nchi ya Rwanda. Siku iliyofuata, tarehe 4 Mei, katika wilaya ya Kalehe, Kongo, kando ya Ziwa Kivu, waliokufa walizidi 400. Waliosema mwenzio akinyolewa wewe tia maji walikuwa na akili. Sisi tumewaona jirani zetu wakinyolewa pande zote, na kichwa chetu kingali kikavu.

Sasa nitaeleza habari yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilitaka kuongeza chumba kimoja cha duka mbele ya nyumba yangu. Nafasi haikutosha, kwa kuwa mtaro wa maji ya mvua ulipita hapo. Nikatia bomba dogo, nikaufunika mtaro kwa zege, nikajenga juu yake. Mimi ni fundi, nilijua kwamba bomba lile halitoshi. Nilijiambia kwamba mvua kubwa si za kila mwaka. Kwa miaka mitatu duka langu liliniletea faida, na watu wakanisifu kwa akili. Mwaka wa nne mvua kubwa ikaja usiku. Takataka zikaziba bomba, maji yakakosa njia, yakageukia nyumba ya jirani yangu, mama mjane, ambayo kuta zake zilikuwa za matofali mabichi. Ukuta ulimwangukia miguuni. Unga wake, cherehani yake iliyokuwa ikimlisha, na nguo za watu alizokuwa akishona, vyote vikaenda. Yeye alipona kwa rehema ya Mungu, lakini mguu wake mmoja haukurudi kama ulivyokuwa hata leo.

Jumuiya ilimchangia. Na katika daftari lile jeusi niliona jina langu katika orodha ya waliotoa, tena katika mistari ya juu, na pembeni yake Katibu wa wakati ule ameandika dua njema kwa ukarimu wangu. Nilipoisoma dua ile niliona haya. Fedha niliyotoa haikuwa hata robo ya faida ya duka lile. Bibi yule yumo humu ukumbini leo, na kabla sijapanda hapa nilimwendea kumwomba ruhusa ya kuyasema haya. Alinijibu kwamba niyaseme, lakini nisiishie katika kusema. Chumba kile nimekwisha kukivunja. Mtaro umefunguka. Ila mguu hauvunjwi ukajengwa tena.

Habari ya maji tumeizoea. Iko na habari ya pili tusiyopenda kuitaja, nayo ni tetemeko la nchi. Ziwa letu hili limekaa ndani ya ufa mkubwa wa ardhi uliotoka Uganda, ukapita Kongo, Rwanda na kwetu, hata ukateremka Tanzania na Malawi. Pande mbili za ufa huu zinaachana pole pole sana, na mara kwa mara ardhi hushtuka. Tarehe 20 Machi 1966 ilishtuka katika nchi ya Toro, Uganda, watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 5 Desemba 2005 ilishtuka chini ya ziwa letu hili hili, kwa ukubwa wa 6.8, na nyumba zikaanguka Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008 ilishtuka karibu na Bukavu na Rusizi, kwa ukubwa wa 5.9. Ilikuwa Jumapili, na huko Rusizi watu waliangukiwa na kanisa walimokuwa wakisali. Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Bukoba, na wasiopungua 17 wakafa.

Hakuna mtaalamu awezaye kutuambia siku wala saa. Elimu hiyo haijapatikana popote duniani. Lakini mahali twapajua, na jinsi nyumba inavyoanguka twaijua. Tetemeko halisukumi nyumba kwa chini tu. Huitikisa kwa ubavu, huku na huku. Ukuta wa tofali usiofungwa na mwenzake hufunguka penye pembe, kisha huanguka, na paa hufuata. Dawa yake si ghali kama watu wanavyodhani. Ni mkanda wa zege wenye nondo, unaozunguka kuta zote bila kukatika, juu ya milango na madirisha. Ni matofali yaliyochomwa sawasawa. Ni dirisha lisilokaribia pembe. Ni saruji isiyopunjwa kwa mchanga. Kwa nyumba mpya, gharama ya mkanda ni sehemu ndogo ya gharama yote. Kwa nyumba iliyokwisha kuanguka hakuna gharama iwezayo kumrudisha aliyekuwa ndani.

Tazameni mifano miwili ya mwaka mmoja. Mwezi wa Januari 2010 nchi ya Haiti ilipatwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0, na waliokufa walizidi 100,000. Mwezi wa Februari mwaka ule ule nchi ya Chile ikapatwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, ambalo nguvu zake zilikuwa kubwa mara mamia, na waliokufa walikuwa kama 500. Haikuwa kwamba ardhi ya Chile ina huruma. Watu wa Chile walikwisha kuumizwa na tetemeko kubwa katika mwaka wa 1960, na walikuwa na sheria za ujenzi, na waliofuata sheria hizo walikuwa wengi.

Na wale wanaoshughulika na madrasa wasisahau Pakistan. Tarehe 8 Oktoba 2005, asubuhi ya mwezi wa Ramadhani, tetemeko liliua watu zaidi ya 70,000. Maelfu katika hao walikuwa watoto waliokuwa wameketi madarasani na vitabu vyao. Majengo waliyopelekwa ili wapate elimu ndiyo yaliyowaangukia. Basi swali langu kwa Kamati ni hili: je, madrasa yetu yenye vyumba sita, ambayo mimi mwenyewe nilijenga vyumba viwili vyake, ina mkanda? Jibu nalijua. Vyumba vinne havina.

Ndugu zangu, najua neno lililo katika vifua vya baadhi yenu. Wasema: hiyo ni kadari, na kadari haizuiliki kwa mtaro. Neno hili nimelisikia makaburini, nimelisikia sokoni, na mara nyingine hutoka kwa mtu mwema aliyechoka kwa huzuni, hata haifai kumjibu kwa ukali. Lakini Masheikh wetu wametufundisha habari ya Sayyidna Umar alipokuwa akienda Sham. Alipofika njiani akaambiwa kwamba huko kuna tauni, akashauriana na wenziwe, akaazimu kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, moja lina majani na moja ni kavu: popote atakapowalisha wanyama wake ni kwa kadari, na bado yampasa achague penye majani.

Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kulala juu ya paa lisilo na ukingo. Fikirini jambo hili. Hakusema alale tu, akianguka ni amri ya Mungu. Alitaka ukingo. Mimi fundi nikiisikia hadithi hii, naiona kuwa ni amri ya ujenzi. Na Nabii Nuhu, amani imshukie, alianza kupigilia mbao zake kabla ya gharika, watu wakimcheka, kwa kuwa waliona ardhi kavu na jahazi. Kila anayejenga kinga mapema atachekwa kidogo. Avumilie.

Sasa mtaniuliza: je, kazi hii yafaa kweli, au ni maneno ya vitabu? Nitawatajia ndugu zetu wa Bangladesh, nchi ya Waislamu wengi, maskini kwa miaka mingi, tambarare kama kiganja mbele ya bahari. Mwezi wa Novemba 1970 tufani moja iliua huko watu wasiopungua 300,000. Walipozika, hawakuishia katika kuzika. Mwaka wa 1972, nchi ikiwa changa na imetoka vitani, serikali yao pamoja na Msalaba Mwekundu walianzisha mpango wa kujitayarisha. Walifundisha watu wa kujitolea vijiji kwa vijiji, wakawapa redio, bendera na vipaza sauti. Walijenga majumba ya saruji juu ya nguzo, ambayo siku za salama ni shule, na siku ya tufani ni kimbilio. Misikiti ikatumia vipaza sauti vyake kuwaonya watu. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Katika mwaka wa 1991 tufani nyingine iliwaua kama 140,000. Hawakukata tamaa, wakaongeza majumba na watu. Katika mwaka wa 2007 ikaja tufani kubwa, wakafa kama 3,400. Na mwezi wa Mei 2020 ikaja nyingine, watu zaidi ya milioni mbili wakahamishwa kabla haijafika, na waliokufa katika nchi nzima hawakufika 50. Bahari ni ile ile, na upepo ni ule ule. Kilichobadilika ni matayarisho.

Na wale wapendao hesabu, Benki ya Dunia ilipiga hesabu mwaka wa 2019 ikaona kwamba, katika nchi kama zetu, dola moja inayotumiwa kuzifanya barabara, umeme, maji na mawasiliano yawe imara zaidi huleta faida ya dola nne. Mwaka ule ule tume moja ya kimataifa ikasema kwamba onyo la saa 24 tu kabla ya dhoruba hupunguza hasara kwa asilimia 30. Muuza duka gani hapa atakataa biashara ya namna hiyo?

Basi kwa nini hatuifanyi? Nimelifikiria sana jambo hili, nami naona sababu yake si ubahili wala si ujinga. Mtu aliyenyang'anywa na maji twamwona analia, na moyo wetu unaingia huruma, mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Lakini mtu aliyeokolewa na mtaro hatumwoni. Yeye mwenyewe hajui kwamba ameokolewa. Amelala usiku, mvua imenyesha, maji yamepita njia yake, asubuhi ameamka akalalamika kwamba viatu vyake vina tope. Hakuna atakayekuja kumshukuru aliyechimba. Hakuna jina litakaloandikwa katika mstari wa juu wa daftari. Kwa hiyo kutoa kabla ya msiba ni sadaka ngumu kuliko zote, kwa sababu haina shahidi ila Mungu. Na je, si sisi tunaofundishwa kwamba sadaka ya siri ndiyo iliyo bora?

Sasa nakuja katika maombi yangu, nami nitayasema wazi. Katika mkutano huu mtaulizwa rai zenu juu ya fedha zilizochangwa kwa ajili ya sherehe hii. Wako wenzetu wanaotaka tujenge lango jipya la msikiti, lenye nakshi, liwe ukumbusho wa mwaka wa 40. Ni fikira njema, na mimi kama fundi ningependa kulijenga. Sisemi lisijengwe. Nasema lisubiri kiangazi kimoja.

La kwanza, tuweke sanduku la kinga, mbali na sanduku la misiba, na katika kila michango mitatu fungu moja liingie humo. Sizungumzii zaka, ambayo ina wenyewe waliokwisha kutajwa. Nazungumzia michango na sadaka zetu za hiari.

La pili, fedha za kwanza za sanduku hilo zitie mkanda katika vile vyumba vinne vya madrasa. Kazi hiyo mimi na mafundi wenzangu wawili tutaifanya bila ya ujira. Jumuiya ilete saruji, nondo na mchanga.

La tatu, kila mwaka tangu Juni hata Agosti, wakati mvua haipo, mitaro yote ya barabara zetu izibuliwe, nasi tuitumie kwa hayo ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Anayejenga juu ya mtaro au kutupa taka ndani yake aonywe na wazee wa barabara yake, awe tajiri au maskini, na mfano wa kumwonyesha mnao: ni mimi.

La nne, kingo za Ntahangwa zinamegeka kila mwaka, na kuzitia kuta za mawe ni kazi kubwa inayopita uwezo wetu. Hiyo ni kazi ya serikali na ya mji. Lakini sisi twaweza kuandika barua yenye sahihi za watu wa barabara zote, tukaipeleka kwa adabu, na tukairudia mpaka tujibiwe. Na palipo na udongo wa kushikwa na mizizi, tupande mianzi na majani, na tuache kuchimba mchanga chini ya kingo zenyewe.

La tano, tuwe na onyo. Wako jamaa zetu wanaokaa milimani. Mmoja akiona mto umejaa, apige simu kwa vijana wetu watakaokuwa zamu usiku wa mvua, nao wafungue kipaza sauti cha msikiti wawaamshe watu. Na kila barabara iwe na orodha ya wazee, vipofu, viwete na wajane walio peke yao, ili ijulikane nani atambeba nani. Dakika 20 ni uhai wa mtu.

La sita na la mwisho, kila mwaka Katibu aandike katika daftari ukurasa mmoja mpya: mvua kubwa iliyonyesha, mtaro uliobeba, nyumba ambazo hazikuanguka. Watoto wetu wakija kulisoma mwaka wa 80, wakute humo kitu kingine zaidi ya sanda.

Wazee wetu wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ule mkubwa wa ardhi tunaokaa ndani yake hakuna wa kuuziba ila aliyeuumba. Lakini kuta zetu ni kazi ya mikono yetu, na mitaro yetu ni kazi ya mikono yetu, na tutaulizwa mikono yetu ilifanya nini.

Mvua za Septemba hazitungojei tumalize kushauriana. Bwana Mwenyekiti, nimemaliza niliyokuwa nayo. Nikiwa nimemkosea mtu kwa neno, anisamehe. Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokwisha kufa kwa maji na kwa kuta, awaponye waliojeruhiwa, na atupe sisi tuliobaki nguvu ya kufanya mambo kabla ya wakati wake kupita.